Birika la Zahanati ya Magugumarefu

Paukwa!

Pakawa.

Sikusikia. Mmeitikia kama watu waliokaa foleni tangu alfajiri. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na wewe Mwanaidi mwanangu, kaa hapo hapo na sare zako za hospitali. Najua umetoka zamu sasa hivi na miguu inawaka moto. Usije ukaninunia baadaye. Hadithi hii ni ya wanyama, haina mtu hata mmoja. Mtu akijiona humo, ajue amejiingiza mwenyewe.

Hapo zamani za kale, zamani kwelikweli, kulikuwa na bonde likiitwa Magugumarefu. Wanyama wa bonde hilo hawakuwa na zahanati. Mnyama akiumwa alipelekwa ng'ambo ya milima miwili. Akifika hai, alitibiwa. Asipofika, alizikwa njiani, na hadithi yake ikaishia hapo.

Ukaja mwaka wa kuhara. Walikufa watoto wa sungura. Walikufa watoto wa ngiri. Walikufa watoto wa digidigi. Wanyama wakasema, basi, imetosha. Tembo akabeba magogo, ti, ti, ti. Mnana akasuka paa. Nguchiro akachimba choo. Hata Fisi alitoa mchango wake: aliahidi kutopita karibu.

Nyumba ikasimama. Lakini nyumba haitibu. Wakachaguliwa watatu waende kusoma.

Korongo, shingo ndefu, akaenda kusomea utabibu. Akakaa huko masika manne. Nungunungu akaenda kusomea uuguzi. Akakaa masika matatu, na sindano alikuwa nazo tayari mgongoni. Kindi akaenda kusomea dawa. Masika matatu na yeye, ila ukimuuliza anasema manne. Na Konokono? Konokono hakwenda popote, maana angefika shule imeshafungwa. Akapewa daftari la mapokezi.

Wakarudi. Wakapokewa kwa vigelegele. Ukutani, juu ya mlango, yakaandikwa maneno makubwa mekundu: SOTE NI KITU KIMOJA.

Na mwanzoni, jamani, ilikuwa kweli. Msidhani nawasema bure. Mwanzoni walikuwa kitu kimoja.

Walikuwa na birika moja. Ikifika saa nne asubuhi, wagonjwa wa mwanzo wakishaonwa, wote walikaa barazani. Korongo alileta birika la maji ya moto. Kindi alileta sukari. Nungunungu alileta vikombe. Wakanywa chai, na katika kunywa wakaongea.

"Yule mama sungura hakurudi kuchukua dawa yake," Kindi alisema.

"Anaogopa mvua, mto umejaa," Nungunungu alijibu. "Nitapita kwake jioni."

"Ukipita, mwangalie na mtoto wake kikohozi," Korongo alisema.

Maneno hayo tu. Kumbe maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwaponya wanyama, kuliko vidonge. Lakini nani angejua? Wao waliona ni chai.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Halikuingia na simba, wala na njaa. Liliingia na swali dogo kama punje ya mtama.

Siku moja birika lilichemka, bubububu. Nungunungu akalishika amimine. Akammiminia mwenzake Kindi kwanza, maana ndiye aliyekaa karibu. Korongo akainua shingo. Akatazama kikombe cha Kindi. Akatazama kikombe chake kitupu. Akasema taratibu, kwa sauti ya kistaarabu, ile sauti inayoumiza kuliko kofi:

"Sina neno. Ila kule nilikosoma, humiminiwa kwanza aliyesoma muda mrefu."

Kindi akaacha kunywa. "Na kule nilikosoma mimi, humiminiwa kwanza mwenye sukari. Sukari ni ya nani?"

Nungunungu akasimamisha miiba, shaaa. "Na mimi niliyelala macho wazi na mgonjwa mpaka jogoo akawika, humiminiwa lini?"

Konokono alikuwa anataka kusema jambo, lakini alipofungua kinywa ugomvi ulikuwa umekwisha, na wenzake walikuwa wameshagawana vitu.

Korongo akachukua birika. Kindi akachukua sukari. Nungunungu akachukua vikombe na vijiko. Majani ya chai hakuyachukua mtu, maana hakuna aliyeyakumbuka. Kila mmoja akaingia chumbani kwake. Milango ikafungwa. Pwa. Pwa. Pwa.

Tangu siku hiyo, watoto wangu, chai ya saa nne iliendelea kama kawaida. Mnacheka nini? Iliendelea. Saa nne ikifika, milango mitatu inafungwa. Huku Korongo anatumbukiza mdomo ndani ya birika na kunywa maji ya moto matupu, fuu, fuu, akijipuliza asiungue. Huku Kindi analamba sukari kavu, kre, kre, kre, mpaka ulimi unapasuka. Huku Nungunungu anakoroga kikombe kisicho na kitu, kwe-kwe-kwe, kwe-kwe-kwe. Ukiwauliza kama wamekunywa chai, kila mmoja anasema: "Nimekunywa. Tena chai ya kwetu ni nzuri kuliko ya wale."

Mazoea hujenga tabia. Likaanza birika, zikafuata kazi. Korongo hakugusa tena kikombe, maana kikombe ni cha wauguzi. Nungunungu hakushika tena kidonge, hata kikianguka mbele ya mguu wake, maana kidonge ni cha watu wa dawa. Alikizunguka. Kindi hakuuliza tena mgonjwa anaumwa nini, maana kuumwa ni mambo ya tabibu. Wakawa na wimbo, nao waliuimba kila mmoja chumbani kwake. Uimbeni na nyinyi, lakini polepole, kwa maringo:

*Si idara yangu, si idara yangu,*
*mgonjwa ni wetu, kazi ni yako.*

Tena. *Mgonjwa ni wetu, kazi ni yako.* Vizuri. Mmeuimba vizuri mno, mpaka mnatisha.

Msidhani walikuwa wavivu. Korongo alijua ugonjwa kwa kumtazama mnyama anavyotembea. Nungunungu alichoma sindano mpaka unauliza ameanza lini. Kindi hakuwahi kukosea dawa hata siku moja. Kila mmoja alikuwa hodari. Tatizo mgonjwa alikuwa mmoja, na wao walikuwa zahanati tatu.

Kila Ijumaa walifanya kikao cha kuimarisha umoja. Kikao kimoja, katika vyumba vitatu.

Akaja Tembo, mkaguzi. Mlango ukamshinda, mwili mkubwa. Akasimama nje, akasoma maneno mekundu ya ukutani, SOTE NI KITU KIMOJA. Akafurahi. Akawapongeza, akaondoka, ti, ti, ti.

Sasa basi. Asubuhi moja alikuja Mama Digidigi.

Mnamjua digidigi? Mnyama mdogo, miguu kama vijiti, chini ya jicho ana alama nyeusi ya chozi hata akiwa hana msiba. Huyu msiba alikuwa nao. Mwaka ule wa kuhara alikuwa amembeba mwanawe wa kwanza kuvuka milima miwili, na mlima wa pili alishuka peke yake. Sasa alikuwa amembeba wa pili, binti, jina lake Sikitu. Sikitu alikuwa ameharisha siku mbili. Macho yamezama ndani. Mdomo umekauka. Alikuwa analia, lakini kilio hakina sauti wala chozi.

Mama Digidigi alikuja mbio, tiki-tiki-tiki, na moyoni alikuwa anasema: safari hii zahanati ni karibu, safari hii nimewahi. Masikini mama yule.

Akafika kwa Konokono.

"Shikamoo, mzee. Mtoto ana hali mbaya."

"Marahaba," alisema Konokono. Akafungua daftari. Akaandika S. Akapumzika. Akaandika I. Alipomaliza jina, jua lilikuwa limehama ukuta mmoja hadi mwingine. "Namba ishirini na saba," alisema. "Kaa kwenye benchi."

Kwenye benchi walikaa wagonjwa wengi. Mbele kabisa alikaa Mama Ngiri, jino linamuuma, shavu limevimba, na kanga yake ameifunga fundo kwenye pindo. Akamtazama Sikitu mara moja tu. Akasimama.

"Pita wewe," alisema. "Langu ni jino. Likisubiri linauma tu."

Na wote nyuma yake wakasogea. Hakuna aliyeuliza namba.

Mama Digidigi akaingia kwa Korongo. Korongo akainama, akamtazama mtoto, akamvuta ngozi ya tumbo kwa ncha ya mdomo. Ngozi ikabaki imesimama. Akajua mara moja. Nimewaambia alikuwa hodari.

"Mtoto amepungukiwa maji," alisema. "Zile pakiti za dawa ya kuhara zimekwisha, lakini usihangaike, dawa yake ni nyepesi. Maji yaliyochemshwa, lita moja. Sukari, vijiko sita vya chai. Chumvi, nusu kijiko. Anyweshwe kidogo kidogo, asiache. Akipata anapona. Akikosa, mpaka jua la adhuhuri, sikufichi, mama, hapana."

Akaandika yote juu ya jani, kwa mwandiko mzuri.

Mama Digidigi akatazama mezani. Palikuwa na birika. Linatoa mvuke. Lita moja kamili.

"Dokta, maji si hayo hapo?"

Korongo akalitazama birika kama ndiyo kwanza analiona. "Hayo ni ya chai."

"Nigawie, dokta."

"Kunywesha mgonjwa ni kazi ya uuguzi, mama. Mwaka juzi nilimpa mgonjwa maji kwa mkono wangu, na Nungunungu akaacha kunisalimia miezi miwili. Alisema namfundisha kazi. Sirudii. Nenda kwake, yeye ndiye atakayepanga."

Akaenda kwa Nungunungu. Chumba kinang'aa. Vikombe sita mezani, vijiko sita, vyote vikavu.

"Pole, mdogo wangu," alisema Nungunungu, na alisema kwa dhati, maana moyo alikuwa nao. Akasoma jani. "Vikombe ninavyo. Vijiko ninavyo. Lakini hapa pameandikwa sukari na chumvi, na hivyo vinachanganywa kwa watu wa dawa. Nikichanganya mimi, Kindi atapeleka malalamiko. Alishawahi. Nenda kwake, akichanganya yeye, mimi nitamnywesha hata kutwa nzima."

"Sista, mtoto anakufa."

"Ndiyo maana nakwambia uwahi, mdogo wangu."

Akaenda kwenye dirisha la dawa. Kindi akachungulia, macho mawili madogo, sharubu zimeganda sukari.

"Sukari?" alisema. "Sukari si dawa. Tazama orodha yangu ya dawa. Hakuna sukari."

"Lakini kaka, sukari unayo. Naiona kwenye sharubu."

"Hiyo ni ya chai," alisema Kindi. "Na tena tabibu ameandika juu ya jani la mkuyu. Dawa zote huandikwa juu ya jani la mgomba. Anajua. Anafanya makusudi. Mwambie aandike upya, na muuguzi aweke alama."

Mama Digidigi akarudi kwa Korongo kutafuta jani la mgomba. Akafika mlangoni. Mlango ukafungwa mbele ya pua yake. Pwa. Nyuma yake, pwa. Kule mwisho, pwa.

Saa nne ilikuwa imefika.

Alirudi kwenye benchi, akakaa. Hakupiga kelele. Alimfunika mwanawe kwa shingo yake na akaogopa, akaogopa kuliko alivyoogopa mlima wa pili. Mlimani hakukuwa na tiba. Hapa tiba ilikuwapo yote, na ilikuwa nyuma ya milango mitatu, na milango yote mitatu ilikuwa na haki.

Zikasikika sauti. Fuu, fuu. Kre, kre, kre. Kwe-kwe-kwe.

"Wanafanya nini?" aliuliza Mama Digidigi.

"Wanakunywa chai," alisema Mama Ngiri.

"Ile sauti ya kulamba je?"

"Nayo ni chai. Mmoja ana birika, mmoja ana sukari, mmoja ana vikombe. Hawapeani. Miaka sasa." Mama Ngiri akashika shavu lake. "Sisi tunaokuja hapa kila mara tumeshazoea. Wewe mgeni ndiyo unauliza."

Mama Digidigi akamlaza Sikitu mapajani mwa Mama Ngiri. Akasimama. Akaliacha lile jani la tabibu juu ya benchi. Akaenda, tiki-tiki-tiki, akagonga mlango wa Korongo.

"Tuko kwenye chai," ilisema sauti ndani.

"Najua, dokta. Ndiyo maana nimekuja. Naona haya kukuona unakunywa maji matupu, msomi wa masika manne. Ukiniazima birika nitakutilia sukari."

Fuu ikakoma kabla ya funda la kwanza. Mlango ukafunguka kiasi cha shingo.

"Sukari utaipata wapi?"

"Hilo niachie mimi."

Korongo akameza mate, na mate katika shingo ile yana safari ndefu. Akamkabidhi birika. Wala hakuuliza ni idara ya nani.

Akagonga kwa Kindi. "Kaka wa dawa, ulimi wako umepasuka kwa sukari kavu. Nina birika zima la maji ya moto hapa. Nipe vijiko sita vya sukari nikukorogee."

"Sita ni vingi."

"Wewe si wa chai hafifu, kaka."

Kindi akavimba kidogo. Akapima vijiko sita kamili, hakupunja, hakuzidisha. Akavitia kwenye jani la mgomba.

Akagonga kwa Nungunungu. "Sista, nasikia unakoroga kikombe, lakini sioni cha kukoroga. Ukinipa vikombe na kijiko, nitakuletea kimoja kimejaa."

Nungunungu akatazama kikombe chake. Nadhani hapo ndipo alipokiona kwa mara ya kwanza. Akatoa vyote sita, na kijiko.

Mnaona, watoto wangu? Kwa mgonjwa anayekufa, hakuna. Kwa chai, vipo. Mwanaidi, nimekuona unatazama chini. Nimesema ni wanyama.

Mama Digidigi akarudi kwenye benchi. Birika, sukari, kijiko, vikombe. Akatazama huku na huku. "Chumvi," alisema. "Sina chumvi."

Mama Ngiri akafungua fundo la kanga. Ndani yake palikuwa na chumvi, aliyoinunua njiani ya mboga za jioni. Hakusema idara. Benchi halina idara. Konokono, alipoiona chumvi tu, akajificha ndani ya kombe lake, na mapokezi yakafungwa bila taarifa. Hata hilo lilisaidia.

Sukari, vijiko sita. Chumvi, nusu kijiko. Wakakoroga. Wakamimina kikombe hiki hadi kile, shwaa, shwaa, dawa ipoe upesi, benchi zima linapuliza. Halafu kijiko cha kwanza kikaingia katika mdomo wa Sikitu. Kikatoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu kikabaki.

Mlangoni Korongo alitoa kichwa. "Mama, chai?"

"Inapoa, dokta."

Kijiko. Kijiko. Kijiko.

Dirishani Kindi alichungulia. "Bado?"

"Bado inapoa, kaka."

Kijiko. Kijiko. Jua likapanda. Mama Digidigi mkono ulimuuma, Mama Ngiri akapokea. Mama Ngiri alichoka, sungura aliyefungwa bandeji akapokea. Kijiko, kijiko, kijiko. Jua likafika katikati ya anga. Mama Digidigi hakulitazama.

Na Sikitu akafumbua macho. Akauona mkono wa sungura. Akaogopa. Akalia, na safari hii sauti ilitoka, na chozi likatoka, likateremka kwenye ile alama nyeusi, likailowesha.

Mama yake alipoliona chozi lile alilia na yeye. Ni mama gani anafurahi mwanawe akilia? Huyo.

Kilio kilipita milango yote mitatu. Ikafunguka pamoja. Korongo akatoka, Nungunungu akatoka, Kindi akatoka, na wakagongana barazani, mahali ambapo hawakuwa wamekutana tangu siku ile ya swali. Wakaona birika la huyu, sukari ya huyu, vikombe vya huyu, vyote juu ya benchi la wagonjwa.

"Birika langu," alisema Korongo.

"Sukari yangu," alisema Kindi.

"Vikombe vyangu," alisema Nungunungu, lakini yeye alisema kwa sauti ndogo.

"Karibuni chai," alisema Mama Digidigi. Akawamiminia yaliyobaki, vikombe vitatu, kila mmoja kidogo.

Wakanywa. Korongo akakunja uso. Maji ya uvuguvugu, matamu, yana chumvi.

"Chai gani hii?"

Mama Digidigi akaokota lile jani la mkuyu, akampa. "Ni ya cheti chako, dokta. Nimefuata kama ulivyoandika."

Korongo akasoma mwandiko wake mwenyewe, wote, kutoka juu mpaka chini. Nungunungu akamtazama mtoto, akaenda, akapiga magoti, akampangusa chozi. Kindi akahesabu vijiko kwa macho, maana hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Hakuna aliyesema "si idara yangu". Maneno hayo yalikuwa yamewakwama kooni pamoja na ile chumvi.

Mwisho Nungunungu akasema: "Chumvi ni nusu kijiko, sawasawa kabisa. Nani alipima?"

"Mimi," alisema Mama Ngiri. "Mwaka ule nilifiwa na wawili. Nilijifunza kipimo kwa kuchelewa."

Basi wakateka maji, wakachemsha birika la pili la kuendelea kumnywesha mtoto, wengine wanachochea, wengine wanapuliza. Kisha wakachemsha la tatu, na hilo likawa la chai. Majani hayakuwapo, lakini nyuma ya zahanati paliota mchaichai, umestawi, hakuna aliyewahi kuukata. Mama Ngiri akaufukua kwa jino lisilouma. Birika likachemka, bubububu. Harufu ikajaa barazani. Nungunungu akalishika amimine.

Akasita. Wote wakasita. Lile swali dogo kama punje ya mtama lilirudi, likakaa katikati yao. Nani amiminiwe kwanza?

Korongo akainua shingo. Alitaka kusema. Naapa alitaka kusema.

Lakini Konokono alikuwa ametoka ndani ya kombe, na jambo alilotaka kulisema siku ile ya ugomvi, miaka yote hiyo, hatimaye lilikuwa limefika mdomoni.

"Si tuna foleni," alisema Konokono.

Akafungua daftari. Namba moja, Mama Ngiri, jino. Namba mbili, sungura, mguu. Namba tatu, namba nne, mpaka namba ishirini na saba, Sikitu, kuhara. Kisha akaandika, taratibu, herufi moja moja: namba ishirini na nane, Kindi, ulimi. Namba ishirini na tisa, Nungunungu, uchovu. Namba thelathini, Korongo, shingo.

Wakakaa mwisho wa benchi, wakasubiri. Na katika kusubiri, watafanya nini? Waliwasikiliza waliokaa nao. Wakajua mama sungura mto umemzuia. Wakajua kikohozi cha nani kimerudi. Chai ilipowafikia ilikuwa imepoa, na walisema, wote watatu, hawajanywa chai tamu kama ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Birika halikurudi chumbani kwa mtu. Mama Digidigi alilitundika barazani, juu ya benchi la wagonjwa, na mpaka leo liko hapo. Anayetaka chai ya saa nne huko Magugumarefu aifuate benchini.

Je, waliacha maringo? Msiniulize. Niliambiwa Korongo bado hupita kwa Konokono asubuhi na mapema, kabla ya mtu yeyote, kuandikisha shingo yake, apate namba moja. Lakini akishaipata, mara nyingi huja mama amebeba mtoto, naye humwambia: "Pita wewe. Langu ni shingo."

Hadithi yangu inafundisha hivi, na nasema wazi asije mtu akasema hakusikia: mgonjwa haponi kwa uhodari wa mmoja mmoja, huponywa na wanaopeana kijiko. Na wanaogombea nani atangulie, wamesahau kwamba aliyetangulia ni mgonjwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mwisho wa benchi, namba thelathini. Mwenye sikio achukue, mwenye kikombe alete.

Mwanaidi, mwanangu, mbona umenyamaza? Birika hilo hapo. Anza kwa watoto.